Wosia niliodhani nimeufuta

Mzee yule alikuja baada ya adhana ya magharibi, nikiwa nimeshaingiza ndani ubao wa bei na kubakiza mlango mmoja wazi. Ilikuwa mwaka 2017, steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, ikiwa na miaka mitatu. Alikaa kwenye benchi akasubiri mpaka kijana aliyekuwa akitoa kopi ya cheti akaondoka, kisha akasogeza kiti karibu na kompyuta na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nataka unichapie wosia wangu. Lakini ukimaliza usibaki nao."

Nilimchapia. Alikuwa ameshauandika kwa kalamu kwenye karatasi za daftari la shule, mwandiko wa watu waliosoma zamani, herufi zote zimelalia upande mmoja. Nyumba, minazi, anaowadai na wanaomdai, na jambo moja la ndani ya familia ambalo sitaligusa. Nikatoa nakala tatu. Alizisoma zote tatu neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Kisha nikafanya alivyoniagiza: nikabonyeza Delete, nikaingia kwenye kapu la taka la kompyuta, nikalimwaga. Nikamgeuzia skrini aone kwa macho yake. "Limekwenda, baba." Akaniombea dua, akakunja karatasi zake ndani ya bahasha ya kaki, akatoka.

Mwezi uliopita niliuona tena wosia ule. Mzima, mpaka alama ya mkato niliyoikosea ukurasa wa pili.

Naandika haya kwa sababu wenzangu wenye steshenari ni wengi, na wengi wetu tunabadilisha mashine kipindi hiki. Zile za zamani tunazigawa kwa moyo mweupe: kwa ndugu, kwa shule, kwa msikiti, kwa kanisa. Mimi nilikuwa nakaribia kutoa sadaka iliyobeba siri za mtaa mzima.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex, diski ya GB 250. Niliinunua Kariakoo mwaka 2014, mtumba kutoka Ulaya, na hadi leo ina alama ya gundi pale ilipobanduliwa lebo ya ofisi iliyokuwa nayo. Imenisomeshea watoto wawili. Microsoft ilipofikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu ni ya zamani mno kuipokea Windows 11, nikaona si haki kuendelea kupitisha vitambulisho vya watu kwenye kompyuta isiyopata tena kinga mpya. Nikanunua laptopu. Ustadhi wa madrasa ya jirani alikuwa ameniomba siku nyingi mashine ya kuchapia mitihani na ratiba, kazi isiyohitaji intaneti hata kidogo, nikamwambia hii ni yako.

Nikamwita fundi. Akaniambia, "Mama, hii naipigia windo mpya, kila kitu kinaondoka. Elfu kumi tu." Nikamlipa. Jioni nilipoiwasha ilikuwa kama imetoka dukani leo: skrini tupu, hakuna faili hata moja. Nikaiweka kwenye boksi chini ya meza ya lamineshini, nikimsubiri ustadhi aje na usafiri.

Kabla ustadhi hajaja, akaja mtoto wa kaka yangu, yuko chuo anasomea mambo ya kompyuta, kanipitia likizo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba."

Akaliona boksi, akauliza. Nikamweleza. Akauliza imefutwaje, nikamwambia imepigwa windo, yaani imewekewa Windows upya. Akanyamaza kidogo, kwa adabu ya mtoto anayeona mkubwa kakosea. Kisha akasema, "Shangazi, niachie usiku mmoja tu. Nikikuta haina kitu, ustadhi aichukue kesho."

Tuliifungua tena baada ya isha. Alichomeka flashi moja na diski yake ya nje, akaendesha programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, inaitwa PhotoRec. Ni ya bure, mtu yeyote anaipakua, haitaki leseni wala ujuzi wa kutisha. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe, na orodha ya aina za mafaili huku namba zikipanda mbele yangu: jpg mia mbili, jpg elfu moja, pdf mia nne. Nilikaa nikizitazama zinavyopanda, mkono kifuani. Ikafika mahali nikamwambia nakwenda kulala, lakini sikulala.

Asubuhi kulikuwa na mafolda yamejipanga, recup_dir.1, recup_dir.2, na kuendelea. Ndani yake mafaili hayana majina yake ya zamani. Kila moja limepewa herufi f na tarakimu nyingi. Mtoto akabonyeza la kwanza. Kitambulisho cha NIDA cha mama anayeuza mihogo pale kona. La pili, cheti cha ndoa. La tatu, majibu ya vipimo vya hospitali ya mtu ninayemfahamu, aliyeniletea nimtolee kopi moja na kuniomba nisiyasome. Sikuyasoma siku ile. Sasa yalikuwa yamefunguka wazi mbele ya mtoto wa miaka ishirini na moja. Nikamwambia funga. Picha za pasipoti za watu wanne wanne kwenye ukurasa mmoja, nyuso za mtaa mzima, mmoja wao rafiki yangu aliyefariki miaka mitano iliyopita, kavaa ushungi wa kijani niliomwazima mimi mwenyewe kwa ajili ya picha ile. Mikataba ya kuuziana viwanja. Talaka. Hati za mishahara za walimu waliokuwa wakiomba mikopo.

Halafu akafungua faili la maandishi, nikaona: "Mimi, nikiwa na akili zangu timamu..."

Nilimwambia aondoe mkono kwenye kipanya. Nikalifunga mwenyewe.

Mzee alifariki mwaka 2021. Nilikwenda msibani. Nilimwahidi kitu, na nilipomwahidi nilikuwa nasema kweli kwa jinsi nilivyojua. Ndilo linaloniuma hadi leo.

Hapa lazima niseme nilikotoka. Kabla ya kufungua duka nilikuwa karani wa masjala kwa miaka tisa. Asiyeijua masjala: ni chumba cha majalada ya ofisi. Kila jalada lina namba, kila karatasi ndani ya jalada ina namba ya folio, na jalada likitoka chumbani linaandikwa limekwenda kwa nani na lini limerudi. Kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na funguo zake hazikai mfuko mmoja. Jalada la serikali haliangamizwi kwa kutaka kwa mtu. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, mambo hayo yana utaratibu na idhini yake. Niliwahi kusimama shahidi makaratasi yaliyomaliza muda yakichomwa nyuma ya jengo. Moto ulipozima, mkubwa wangu alichukua fimbo akakoroga majivu, akainama, akaokota kipande kimoja kilichobaki na herufi tatu, akakirudisha motoni. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilijifunza pale kwamba kuangamiza ni kazi kamili, ina mwanzo na mwisho, na mwisho wake unakaguliwa.

Kwa hiyo mtoto alipotaka kunieleza kilichotokea, nilimwomba anieleze kwa lugha ya masjala, nami nawapa hivyo hivyo.

Ukifuta faili, kompyuta haiendi rafuni. Inakwenda kwenye daftari la orodha, inakata jina la jalada kwa mstari, na pembeni inaandika kwamba nafasi ile iko huru. Jalada limekaa pale pale, kurasa zake zote. Litatoweka siku jalada jipya litakapohitaji nafasi ile ile na kuandikwa juu yake, ambayo inaweza kuwa kesho au isiwe milele. Kumwaga kapu la taka ni mambo ya daftari tu. Kufomati kwa haraka ni kulitupa daftari zima na kufungua jipya, rafu hazijaguswa. Na kupiga windo, jinsi mafundi wetu wanavyoipiga, ni kufungua daftari jipya na kupanga majalada mapya ya kama GB ishirini kwenye chumba chenye nafasi ya 250. Rafu zote za nyuma zimebaki na yaliyokuwamo.

PhotoRec yenyewe haina haja na daftari. Inapita rafu kwa rafu, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu inajua sura ya mwanzo ya kila aina ya jalada: picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na alama zile zile siku zote. Ikiona alama hizo inaanza kunakili. Ndiyo maana majina yanapotea na yaliyomo yanabaki, maana majina yalikuwa daftarini.

Kwenye rafu za nyuma kabisa tulikuta watu tusiowajua. Watoto watatu wa Kizungu wamezunguka keki, mmoja kafumba macho kabla ya kupuliza mishumaa, na dirishani nyuma yao theluji. Babu yao, nadhani, kwenye kiti chenye magurudumu. Barua yenye nembo ya hospitali, kwa lugha nisiyoisoma. Familia ile ilikuwa imekaa dukani kwangu miaka kumi na moja, hapa Tanga, bila wao kujua na bila mimi kujua. Mtu aliyeitoa ile mashine kule kwao huenda naye aliambiwa kila kitu kimeondoka. Nilimtazama yule mtoto wa mishumaa kwa muda, nikafikiri: sasa hivi ana miaka mingapi?

Si bahati mbaya yangu peke yangu. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa MIT kule Marekani, walinunua diski 158 zilizotumika kati ya mwaka 2000 na 2002, wakachapisha walichokikuta mwaka 2003. Zilizokuwa zikifanya kazi ni 129. Zilizofutwa sawasawa ni 12. Katika zilizobaki walikuta zaidi ya namba elfu tano za kadi za benki, na diski moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea pesa. Mtoto aliponisomea hesabu ile nilirudia kuuliza: kumi na mbili?

Sasa, kabla hatujafuta, tulipunguza haraka. Mtu akishtuka hufuta mpaka vyake. Vya kwangu fundi alikuwa ameninakilia kwenye diski ya nje kabla ya kupiga windo: picha za watoto, hesabu za duka, vielelezo vya mikataba na barua. Nikafungua mafaili kumi na mawili ovyo ovyo kutoka kwenye nakala ile kuhakikisha yanafunguka kweli. Mawili hayakufunguka. Yangetutoka hivyo hivyo, lakini tuliyapata ndani ya yale yaliyofufuliwa.

Halafu mtoto akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Shangazi, Chrome ilikuwa imeingia kwa akaunti yako ya Gmail?" Ndiyo. "Nipe simu yako." Akafungua mahali pa nywila zilizohifadhiwa, akanirudishia.

Nilitamani kukaa chini. Simu yangu, ile ninayokwenda nayo sokoni, ilikuwa na nywila 214, na za kwangu ni kumi na tano tu. Nyingine zote ni za wateja. Wanaokuja kuomba kazi kwenye Ajira Portal, wanafunzi wa mkopo wa elimu ya juu, wenye biashara ndogo wanaotafuta namba ya mlipakodi. Tunafungua akaunti pamoja, Chrome inauliza ihifadhi, mkono wangu unabonyeza ndiyo. Nilikuwa naona ni huduma. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu, "Mama, nimesahau paswedi," mimi ninayo. Watu walinisifia kwa hilo. Na nywila hizo hazikukaa kwenye kompyuta tu, zilipanda kwenye akaunti yangu na kushuka kwenye kila kifaa nilichoingia kwa akaunti ile. Hata ningeisaga ile OptiPlex unga, zingebaki. Jambo hili wenye steshenari wenzangu nawaomba mlitazame leo, hata kama hamna mpango wa kugawa mashine yoyote.

WhatsApp ya kwenye kompyuta nayo ilikuwa bado imeorodheshwa kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Tukaitoa kutoka kwenye simu.

Kufuta kwenyewe kulikuwa kazi ya siku moja. Mtoto aliandaa flashi yenye ShredOS, ambayo ni mfumo mdogo wa bure unaowaka kutoka kwenye flashi bila kutegemea Windows, na ndani yake kuna programu iitwayo nwipe. Ulipowaka ukaorodhesha diski: mbili. Moja GB 250. Ya pili ilikuwa diski yangu ya nje, yenye nakala zote, niliyoisahau imechomekwa nyuma. Zimekaa mstari mmoja juu ya mwingine, zinatofautiana namba za kiwandani tu. Mtoto akasimama, akazunguka nyuma ya mashine, akaichomoa kwa mkono wake, akaniwekea mapajani. "Hii shika wewe mpaka nimalize." Nilikaa nimeishika kama mtoto mchanga.

Fundi wangu wa mwanzo, niliyemwita aje ajifunze kwa sababu ni kijana mwema na hakukusudia, alisema amesikia lazima diski ifutwe mara 35. Namba hiyo ina asili yake. Peter Gutmann aliandika mwaka 1996 kuhusu diski za teknolojia mbalimbali za wakati ule, na mwenyewe baadaye akaeleza kwamba kuipitisha diski moja ya kisasa katika zote 35 hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ule wa namba 800-88, katika toleo lake la 2014 unasema kwa diski za sumaku, kama ya OptiPlex yangu, kuandika sufuri juu yake mara moja, mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida kunatosha kuzuia yaliyokuwamo yasifufuliwe hata maabara. Mara moja, basi. Tena iwe diski nzima, pasibaki rafu.

Tukaanzisha. Ilipofika asilimia sitini na kitu umeme ukakatika. Tukanywa chai. Uliporudi tukaanza upya kutoka sufuri, saa moja na robo ya kuandika, na muda mwingine kama huo wa programu kurudi nyuma kuhakiki ilichoandika. Nilimwambia mtoto, hapa ndipo mnapokoroga majivu. Hakuelewa, nikamsimulia habari ya fimbo.

Asiye na mtoto wa kuandaa flashi, Windows yenyewe ina njia inayotosha kwa mashine ya kugawa: mipangilio, "Reset this PC", halafu "Remove everything", na hapo usikimbilie. Kuna sehemu ya kubadili mipangilio, ndani yake kuna "Clean data". Iwashe. Usipoiwasha, inafuta daftari na kukuachia rafu. Ukiiwasha inachukua saa nyingi, na huo muda ndio dalili kwamba kuna kitu kinaandikwa.

Kwa diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, kama ya laptopu yangu mpya, habari ni nyingine, na hapa nilimsumbua mtoto kwa maswali mpaka akachoka. Ndani ya SSD kuna karani wake wa peke yake anayehamisha majalada kutoka rafu hadi rafu ili zote zichakae sawasawa. Ukimwambia andika sufuri juu ya jalada namba fulani, anaandika sufuri hizo rafu nyingine na kukwambia tayari, na nakala ya zamani inaweza kubaki mahali usipoweza kufika. Kwa hiyo SSD hufutwa kwa amri yake maalumu, iliyomo kwenye programu ya mtengenezaji au wakati mwingine kwenye menyu ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka; amri hiyo inamwamuru karani mwenyewe asafishe chumba chote. Na kinga kubwa zaidi ni kuifunga diski kwa usimbaji, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, kabla mteja wa kwanza hajaketi. Yangu tuliiwashia BitLocker, kufuli la aina hiyo lililomo kwenye Windows, siku ile ile. Ufunguo wa dharura una tarakimu 48. Nimeuandika kwa mkono, uko nyumbani kabatini, nje ya laptopu na nje ya duka. Siku ya kuigawa, funguo zote zikiharibiwa, pamoja na ule unaotunzwa ndani ya laptopu yenyewe, kilichobaki kwenye diski ni vurugu ya tarakimu.

Droo ya chini nilikuwa na diski nyingine, ya GB 80, iliyokufa miaka mingi na inayogonga ikiwashwa. Iliyokufa huwezi kuiandikia sufuri, lakini mwenye vifaa anaweza kuisoma. Fundi aliifungua kwa bisibisi ya nyota. Ndani kuna sahani moja inayong'aa kuliko kioo cha saluni. Niliona uso wangu wote. Tuliitoboa matundu kwa drili na kuipinda kwa nyundo juu ya jiwe. Hii ilikuwa ya alumini. Za laptopu nyingi ni za glasi na hupasuka vipande vikali, hizo fundi alisema huzifunga kwanza kwenye gunia na kuvaa miwani.

Usiku PhotoRec ilipitishwa tena kwenye OptiPlex, mwanzo hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulisema mafaili yaliyookolewa ni 0. Watoto wa theluji nao wameondoka. Nikafurahi, kisha nikakumbuka: yale yote yaliyofufuliwa sasa yako kwenye diski ya nje ya mtoto, mafolda kwa mafolda, na wosia humo. Hakubisha. Alikuwa na masomo yake mle. Masomo hayo akayahamishia kwenye laptopu yake, nasi tukairudisha diski yake kwenye ShredOS, sufuri mwanzo hadi mwisho, hadi saa tisa za usiku. Tulikaa wote wawili mpaka ikaisha.

Ustadhi alikuja Ijumaa baada ya swala, na bajaji. Mtoto alikuwa ameshaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na programu ya kuchapia. Ustadhi alitaka kunilipa kitu, nikakataa.

Fotokopi bado. Mashine nyingi kubwa za fotokopi za kisasa zina diski ndani inayoweza kutunza sura ya kila karatasi iliyopita juu ya kioo. Mwaka 2013 kampuni moja ya bima ya afya nchini Marekani ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha fotokopi za kukodi bila kuzifuta. Yangu nayo ni mtumba. Fundi wake anakuja Jumatatu kunionyesha kama ina diski na kama ina sehemu ya kuifuta. Nimesoma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na naona neno "mkusanyaji" linanigusa hata mimi mwenye chumba kimoja na meza mbili. Nitakwenda kuuliza natakiwa kufanya nini.

Dukani sasa mteja anafungua akaunti yake kwenye dirisha la mgeni la Chrome, lisilobakiza kitu likifungwa. Nywila anaandika mwenyewe, kwenye karatasi yake, anaondoka nayo. Wapo wanaonuna. Mmoja aliniambia nimekuwa mgumu siku hizi. Nikamwomba radhi na kumpa kalamu.

Kwa wenye zile nywila 199, nimekuwa nikipiga simu kila jioni baada ya kufunga, nikimweleza kila mmoja kilichotokea na kumwomba abadilishe. Nikishampata naifuta yake. Wengi wamenishukuru, wawili wamenikasirikia na wana haki. Zimebaki namba 38 zisizopatikana. Kama uliwahi kufungua akaunti ya maombi ya kazi au ya mkopo kwenye steshenari yenye mlango wa bluu hapa Ngamiani, kati ya 2014 na mwaka jana, na sijakupigia, tafadhali badilisha nywila yako leo, kisha pita dukani tuifute mbele yako.